Aya ya Kwanza ni Bure

Wewe. Ndiyo, wewe mwenye simu mkononi. Usigeuke kumtafuta aliye nyuma yako, nyuma yako hakuna mtu. Ulipita chini ya paa la soko, ukaona anga mahali palipotakiwa kuwa na bati, ukafungua mwavuli, ukachagua nyanya zako, ukaenda zako. "Wenyewe wapo," ulisema. Wenyewe ni nani, kama si wewe? Na lile gazeti la mtaa lilipokufa, mwaka ule wa mafuriko, ulilia? Uliuliza tu sasa utafungia nini vikombe siku ya kuhama. Mvua za mwaka uliofuata zilikuta uwanja wa watoto umeshazungushiwa ukuta, ndani ya ukuta likaota ghorofa, na mpaka leo hujui la nani. Umesahau. Aliyekanyaga husahau, mwenye kidole ndiye anayekumbuka.

Lakini leo hatukukaa kulia. Leo kuna kicheko. Vuta kiti usikie habari za mwanamke aliyeitwa Mitaro, na siku ambayo mji mzima ulimtukana kwa mapenzi.

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho na kinywani mwa mumewe. Kazini alikuwa Mitaro, kwa kuwa tangu ashike kalamu hakuwahi kuandika harusi wala mpira. Aliandika mitaro iliyoziba, taa za barabarani zilizokufa, na vikao vya baraza la mji ambavyo hata wajumbe wenyewe walivisinzilia. Alikuwa na hasira ya kudumu, ile hasira nzuri isiyomzuia mtu kula wala kucheka. Wengine wakiona shimo la maji machafu halina mfuniko huziba pua na kuruka. Yeye aliinama akachungulia, kisha akaanza kupiga simu.

Gazeti lake lilikuwa mojawapo ya matatu madogo ya mji. Moja lilikuwa la michezo, jingine la matangazo ya ndoa, misiba na nafasi za kazi, na lake la habari za mji. Kila moja lilikuwa linakufa kivyake, kwa staha, bila kumsumbua jirani. Ndipo wenye magazeti wakakaa, wakauza mtambo wa kuchapia, wakayahamishia yote kwenye simu na kuyafunga pamoja: msomaji alipie mara moja kwa mwezi, afunguliwe yote matatu. Wakamleta mkurugenzi wa kuisimamia biashara hiyo, bwana mmoja mwenye koti la kubana, aliyelipenda neno "kifurushi" hata likawa ndilo jina lake.

Walifanyia kazi wote katika chumba kimoja, pale pale ulipokuwa mtambo. Sakafuni lilibaki doa kubwa la wino lenye umbo la mtambo wenyewe, na ingawa meza zilibanana, hakuna aliyethubutu kuweka yake juu ya doa lile. Ukipita hapo ulizunguka, kama unavyomzunguka mtu aliyelala.

Kila Jumatatu Bwana Kifurushi alisimama mbele ya skrini ya ukutani akauliza swali lile lile.

"Ndugu zangu, watu watalipa?"

"Watalipa," walijibu kwa pamoja, kama darasa.

"Basi tuzitazame nguzo."

Skrini ilikuwa na nguzo tatu za rangi. Msomaji akifungua habari yoyote, aya ya kwanza alipewa bure. Chini yake alikuta picha ya kufuli, na akitaka kuendelea, alipe. Nguzo zilionyesha waliolipa walikuwa wamekwamia kwenye kufuli la gazeti gani. Ya michezo ilisimama kama askari. Ya ndoa na misiba iliifikia kifuani. Ya habari za mji ilikuwa mstari mwembamba chini kabisa.

"Hiyo ya tatu ni nguzo au ni uchafu wa skrini?" aliuliza Kocha, mwandishi wa michezo, ambaye hakuwahi kulea timu yoyote ila tumbo lake. "Hebu mtu apanguse."

Chumba kikaangua kicheko. Mitaro naye akacheka, maana utani mzuri haukataliwi hata ukifanywa juu ya kaburi lako. Lakini mkurugenzi hakucheka.

"Mama, nasema mbele ya wenzako ili usije ukasema nilikuficha. Nguzo hii isiposimama mpaka mwisho wa mwezi, habari za mji zinatoka kwenye kifurushi. Watu wananunua mpira na harusi. Wewe ni nyongeza. Ile nyanya moja ambayo muuzaji anamtupia mteja juu ya fungu ili arudi kesho."

"Na mimi?"

"Utaandika maharusi. Una mkono mzuri."

"Na baraza la mji ataliandika nani?"

"Baraza lina msemaji wake."

Hata Kocha aliacha kutafuna. Kumwachia msemaji wa baraza habari za baraza ni kumkabidhi fisi bucha, tena na kisu juu.

Mitaro hakubishana. Kwenye kompyuta yake ilikuwamo habari aliyoifukuzia kwa wiki kadhaa, habari ya mabati ya soko. Mabati yale yalishushwa "kwa ukarabati wa muda mfupi", na muda mfupi ule ulikuwa umeshazaa na kujukuu. Alikuwa amempata fundi aliyeyashusha. Fundi alikubali jina lake liandikwe, akampa na picha alizopiga siku alipoyapigilia upya mahali pengine. Mahali gani? Utaambiwa, usiwe na pupa. Habari ilikuwa tayari. Kilichobaki ni kupata watu wa kuisoma mpaka mwisho, na mji ule haukusoma kitu mpaka mwisho.

Kwa nini haukusoma, Mitaro alikuja kulijua Jumamosi, saluni kwa wifi yake.

Saluni ilikuwa chumba kirefu chembamba, vioo upande mmoja, viti vilivyochanika vikashonwa kwa nyuzi za kusukia, na redio ambayo hakuna aliyekumbuka ilizimwa lini. Wifi, dada wa mumewe, alikuwa msusi mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kwenye kiti cha kona, chini ya drai iliyoharibika, alikaa mama mkwe, mfanyabiashara mstaafu wa soko. Huyo alifika saluni kila siku bila kusukwa. Anafuata hewa, alisema.

"Mwandishi wetu huyo!" Wifi alipaza sauti. "Jamani, ndiye wifi yangu, yule wa maji machafu."

"Kumbe ndiye wewe!" alidakia mteja mmoja, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima kama imeona jini. "Dada, tunakusoma! Lile bomba la shuleni tumelisoma. Yule mkandarasi aliyepewa kokoto za barabara akajengea uzio wake, tumemsoma."

Moyo wa Mitaro uliruka. "Kwa hiyo mnalipia?"

Walitazamana kwenye vioo. Kisha wakacheka mpaka mmoja akachomwa na kitana.

"Tulipie nini, wifi?" alisema Wifi akijifuta machozi. "Wewe unaeleza vizuri pale juu pale. Nani kafanya nini, wapi, lini, kwa nini, yote yamo. Mtu akifika kwenye kufuli ameshashiba, anatafuta maji ya kunawa."

"Mbona mpira mnalipia?"

"Mpira wanalipia waume zetu. Wale hawataki habari, wanataka cha kugombania."

"Usivunjike moyo, mwanangu," mama mkwe aliongeza kutoka chini ya drai. "Ni sifa hiyo. Mwenye kueleza vizuri haulizwi mara mbili."

Sifa ile ilimwingia Mitaro kama mwiba uliopakwa asali. Akaketi, akamkabidhi Wifi kichwa chake, akanyamaza. Wifi, ambaye kwake kimya ni ugonjwa, akaanza kusimulia.

"Basi jana yule jirani yangu mjane, yule mchamungu, akarudi na mtu. Mrefu huyo! Kofia imefunika uso. Nikasema, huyu mwendo wake naujua. Nikazima taa yangu, nikasogea dirishani. Wakafika mlangoni, yule bwana akavua kofia, akageuka, nikamwona kumbe ni..."

Simu ya Wifi ikalia. "Haloo? Haloo? Husikiki, ngoja." Akatoka nje.

Saluni ikabaki vinywa wazi. Mtu mmoja akaizima redio, ile ile isiyozimwa. Mama mkwe alitoa kichwa nje ya drai kama kobe. Mteja aliyekuwa ameshamaliza, mkoba begani, mkono kwenye kitasa cha mlango, akarudi akakaa.

"Kumbe ni nani?" alinong'ona.

"Nitajuaje?" mama mkwe alifoka. "Mimi nilimzaa, sikuingia ndani ya macho yake!"

Mitaro, kitana kikining'inia nyweleni, akaanza kucheka peke yake. Alicheka mpaka wakadhani amevutwa vibaya. Alikuwa ameiona sababu. Enzi za karatasi, nafasi ikiisha ukurasani, mhariri alikata habari kuanzia chini. Kwa hiyo kila mwandishi alifundishwa kujaza yote ya maana juu, na chini akabakiza makapi yasiyouma yakikatwa. Karatasi imekwenda, mkasi umekwenda, mtambo umeuzwa, na wao bado waliandika kana kwamba mkasi unawasubiri. Kisha wakaja kutundika kufuli pale pale nyama inapoishia. Walikuwa wanawagawia watu nyama mlangoni bure, halafu wanawauzia mifupa, na kila Jumatatu wanaulizana kwa nini mifupa hainunuliwi!

(Yule mwenye kofia alikuwa fundi wa bomba. Tumelisema ili nawe upate usingizi.)

Jumatatu Mitaro alimwendea mhariri mkuu, mzee mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini, ambaye aliwafundisha waandishi wote wa mji ule jambo moja tu. Kwa jambo hilo walimwita Mzee Aya.

"Habari si kitendawili," Mzee Aya alikata shauri kabla Mitaro hajamaliza. "Nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Aya ya kwanza. Nimefukuza watu kwa hili, na wengine walikuwa shemeji zangu."

"Nafasi ikiisha ulikuwa unakata wapi, mzee wangu?"

"Chini. Siku zote chini."

"Na sasa chini kuna nini?"

Mzee Aya akalitazama doa la wino sakafuni.

"Kuna kufuli," alisema.

"Tumefunga kufuli kwenye ghala tupu, mzee."

Alivua miwani ya machoni, akavaa ya utosini, kama mtu anayebadilisha silaha. "Sawa. Na siku maji ya bomba yakiwa na sumu? Utamwambia mama mwenye mtoto mgongoni asubiri, kwanza alipie?"

Lilikuwa swali la haki, na hata hasira ya Mitaro ililitambua.

"Hapana," alisema. "Cha kumwokoa mtu kinakaa juu kabisa, bure, bila kufuli hata moja. Siku nikikiuka hilo nifukuze, na shemeji zako wanipigie makofi. Lakini mabati hayamuui mtu leo jioni. Mwizi wa mabati tumsimulie polepole."

"Polepole," Mzee Aya alirudia, kama anaonja. "Yeye mwenyewe umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Kasema mabati yapo ghalani, salama salimini."

Mzee Aya akacheka kwa mara ya kwanza tangu mtambo ubebwe. Alivuta kiti, wakaketi bega kwa bega, wakaandika wakafuta, wakaandika tena, mpaka ikakaa hivi:

"Mvua ya juzi ilipoanza, muuza mchele wa mlango wa mashariki hakukimbilia mchele wake. Alikimbilia beseni, kama wenzake wote, maana soko letu sasa lina mabeseni mengi kuliko mabati. Mabati yenyewe hayajapotea. Wala hayako ghalani, kama tulivyoambiwa. Yako juu ya vichwa vya watu, mahali ambapo karibu kila mama wa mji huu amewahi kukaa, kula na kucheza, na kama angeinua macho mara moja tu angeona"

Na hapo, kufuli.

"Mmekata vibaya," alisema Bwana Kifurushi alipoisoma. "Hata nukta hakuna."

"Iache hivyo hivyo," alisema Mzee Aya, na sauti yake ilikuwa ile ya enzi za mtambo. Mkurugenzi akaiacha.

Habari ilitoka asubuhi iliyofuata. Wa kwanza kupiga simu alikuwa mumewe Mitaro, kutoka kazini kwake.

"Mke wangu, ni wapi?"

"Lipia."

"Mimi? Mimi mumeo?"

"Ndiyo maana nakuambia kwa upole."

Wa pili alikuwa Wifi, aliyeanza na matusi, akamalizia na matusi, katikati akaomba radhi. Mchana Mitaro aliporudi nyumbani kubadilisha viatu, alimkuta mama mkwe amesimama mlangoni na bilauri ya maji ya baridi.

"Karibu mwanangu, pole na kazi. Kaa hapa, kiti hiki ndicho laini. Nikuletee mto?"

Tangu aolewe hakuwahi kuletewa mto. Mitaro akakaa, akanywa, akangoja.

"Sasa," mama mkwe alisogea, "ni wapi?"

"Mama, naomba unisamehe. Siwezi."

"Nilikupa mwanangu mzima, mzima kabisa, hana hata jino bovu, na wewe unaninyima sentensi moja?"

"Mama, nikikuambia wewe, saluni watajua kabla sijamaliza maji haya."

Mama mkwe alitaka kukasirika, akashindwa, kwa kuwa neno lilikuwa la kweli. Alinyoosha mkono wenye simu. "Haya. Nionyeshe pa kubonyeza."

Akalipa. Kufuli likafunguka. Mitaro alitazama midomo ya mkwewe ikisoma taratibu, neno kwa neno, mpaka ilipofika mahali ikasimama. Mama mkwe akaibandika simu kifuani.

"Uwii," alisema kwa sauti ndogo. Kisha kwa sauti kubwa: "Uwiii!" Akajitanda mtandio, akatoka, viatu mguu huu na huu haviendani.

Saluni walipomwona walijua. Alikaa chini ya drai yake, mikono mapajani, anatabasamu kama bibi harusi.

"Mama, umesoma?" Wifi aliuliza.

"Nimesoma."

"Ni wapi?"

"Hili halisimuliwi."

Kitana kilimponyoka Wifi. Huyu alikuwa mwanamke ambaye maisha yake yote aligawa habari bure kama hewa. Mimba alizitangaza kabla wenye nazo hawajajijua. "Mama! Umelishwa nini?"

"Mimi nimelipa. Nyie mna mikono, mna simu. Na mnajua jinsi ilivyo tamu? Basi tu."

Wifi akalipa kwa kifundo cha kidole, maana vidole vilikuwa na mafuta. Alisoma, akapiga kelele, akashika kichwa cha mteja badala ya chake. Kisha, na hapa ndipo ulipolala moyo wa binadamu, naye akafunga mdomo. Hakuna raha kama kujua mbele ya asiyejua. Mteja wa nusu kichwa akaomba kwenye kundi lao la simu mtu amrushie skrinshoti, akajibiwa na watu wengi kwa pamoja: "Lipa kama wenzio." Akalipa. Akapiga kelele. Mmoja baada ya mwingine walilipa, na kila aliyelipa alihamia upande wa mama mkwe na kukaa anatabasamu, mpaka upande wa pili wa saluni ukabaki na redio peke yake.

"Haya, wote tumeshajua?" mama mkwe aliuliza. "Basi inukeni. Twendeni tukatazame juu."

Sasa nawe ujue. Mabati ya soko yalikuwa yameezekwa kwenye ukumbi wa sherehe wa mwenyekiti wa soko, nyuma tu ya soko lenyewe. Zamani akina mama wa soko waliyapaka wao wenyewe rangi ya kijani, juu na chini. Mwenyekiti aliyapaka nyeupe upande wa juu. Upande wa chini aliuacha. Wateja waliisifu kijani ile.

Waliingia ukumbini na taulo mabegani, rasta nusu, vitana vimechomekwa nyweleni kama mishale. Mwenyekiti akatoka ofisini kwake akiwa na uso wa biashara.

"Karibuni, karibuni mama zangu! Ni harusi au ni kikao?"

"Tumekuja kutazama," alisema Wifi.

"Tazameni! Ukumbi ni wenu!"

"Eeh," alisema mama mkwe. "Ndivyo tulivyosoma."

Wakainua vichwa wote. Kisha mmoja akaanza kuguna, wa pili akadaka, na kicheko kikapanda mpaka mabati yenyewe yakaitikia.

"Si hapa ulipovunja kisigino siku ya harusi ya mdogo wangu?"

"Na mimi nilisema! Nilisema, jamani dari hili linanikumbusha kitu!"

"Tumekodi ukumbi kuja kukaa chini ya paa letu! Tena tukaomba tupunguziwe!"

"Mama zangu," mwenyekiti alianza, shingo imeingia mabegani, "mabati yanafanana..."

"Hebu pisha," alisema mama mkwe. Alikuwa ameona kitu ambacho hata Mitaro hakukijua, na hakikuwa kwenye habari. Juu ya jukwaa, kwenye bati la pembeni, kulikuwa na alama ya kiganja katika rangi. Siku ya kupaka, miaka hiyo, aliteleza kwenye ngazi akashika bati lenye rangi mbichi. Kidole cha mwisho cha alama ile kilikuwa kimepinda kwenda nje. Mama mkwe akainua mkono wake mbele ya watu wote. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwenda nje.

"Mwenyekiti, nitafutie mwingine mwenye kidole hiki, nami nitakuomba radhi kwa magoti."

"Mama, mimi nilikuwa nayahifadhi tu. Ghala linavuja."

"Ghala la mabati linavuja!" Wifi alipiga kofi. "Jamani, mmesikia? Amekosa bati la kuezekea ghala la mabati!"

Mtu akichekwa na wanawake waliosukwa nusu hana pa kujishikiza. Simu zilikuwa zimeshainuliwa zinarekodi, na mbele ya simu hizo mwenyekiti aliahidi kuyarudisha mabati. Yakashushwa na fundi yule yule. "Haya mabati sasa yananijua kwa jina," alisema akiwa juu ya ngazi.

Ukumbi ukabaki wazi, na ndani yake harusi ilikuwa imeshapangwa. Basi harusi ikahamia sokoni, chini ya paa lililorudi. Bibi harusi alicheza kati ya meza za nyanya na meza za mchele, muuza mchele wa mlango wa mashariki akipiga beseni lake kama ngoma, maana hakuwa na kazi nyingine ya kulipa. Na Mitaro akaandika harusi, kama alivyotabiriwa. Aya yake ya kwanza ilisimama pale mama mkwe alipopanda juu ya meza, akaomba kipaza sauti, akasema kwamba

Ah, waulize waliolipia.

Mwisho wa mwezi Bwana Kifurushi alisimama mbele ya skrini, koti limefunguliwa vifungo.

"Ndugu zangu, watu watalipa?"

"Hebu shusha hiyo skrini," alisema Kocha. "Nguzo ya huyu mama itatoboa paa, na sisi hatuna mabati."

"Mwezi ujao tunataka habari nyingine kama hiyo," Bwana Kifurushi alisema, macho yanang'aa.

"Wezi hatuwapangii ratiba," alisema Mitaro. "Lakini usiwe na wasiwasi, ni watu wa bidii."

Habari za mji zilibaki kwenye kifurushi. Je, waliolipa watarudi mwezi wa pili, na wa tatu? Mzee Aya aliuliza, na lilikuwa tena swali la haki. Wengine hawatarudi. Lakini mama mkwe alikuwa ameshalipia tena kabla hajakumbushwa, na alikuwa anasoma yote, hadi mpira, na kila jioni anagombana na mwanawe kuhusu kipa. "Walisema wewe ni nyongeza," alimwambia Mitaro akimwekea mto kwenye kiti. "Mimi nilinunua nyongeza, wakanitupia na mpira juu yake."

Na wewe? Umefika mpaka hapa, umecheka na akina mama, umemcheka mwenyekiti, na hujatoa kitu. Unangoja nani alipe, yule muuza mchele? Uwanja wa watoto bado uko ndani ya ukuta. Ghorofa bado limesimama. Tuliokumbuka tumempa Mitaro tunayoyakumbuka, naye ameshapata jina la kwanza kati ya wenye ghorofa hilo. Habari inatoka kesho asubuhi, na utasoma aya ya juu bure, kama ulivyozoea, kisha utafika kwenye kufuli na kutaka kugeuza shingo. Usigeuze. Hiyo simu usiiweke chini. Usingoje mshahara, usingoje skrinshoti, usingoje wenyewe. Lipa sasa hivi. Ukishalipa, inuka hapo ulipokaa, na kabla hujafanya lingine lolote, tazama juu uone ulikuwa umeketi chini ya paa la nani.